Mama ana Parkinson, sasa na kichwa kinachanganya. Ni ugonjwa, ni dawa au ni uzee?

BintiNgamiani (Tanga)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba msaada kwa wenye mgonjwa wa Parkinson nyumbani, au wanaougua wenyewe. Nitaeleza kwa urefu, maana hospitali nimeshaona kwamba ukieleza kwa kifupi, na jibu unapewa la kifupi.

Mama yangu ana miaka 71. Alikuwa mpishi wa shughuli hapa Tanga. Harusi, maulidi, hitima, mwenye watu mia tatu wa kulisha alikuwa anamfuata yeye. Parkinson iligunduliwa mwaka 2020, mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka akiwa amekaa tu, hana anachofanya. Lakini nikikumbuka vizuri, mambo yalianza kabla ya mkono. Miaka mingi nyuma aliacha kusikia harufu. Kitunguu kinaungua jikoni naye yuko pale pale, hana habari. Tulidhani ni mafua yaliyomkaa. Usiku akawa anapiga kelele usingizini na kurusha mateke, mpaka marehemu baba akahamia kitanda cha pembeni.

Kutetemeka tumekuzoea. Kinachonikosesha usingizi sasa ni kichwa chake.

Siku ya Idd aliomba apike pilau mwenyewe, tukafurahi. Alianza vizuri. Kitunguu kikafika ile rangi anayoitaka, thomu na tangawizi, bizari nzima, iliki, mdalasini, nyama ikaingia. Halafu akasimama. Mwiko mkononi, anaitazama sufuria, na muda unakwenda. Pembeni kachumbari haijakatwa, mchele uko majini, jiko la pili kuku ameanza kushika chini. Nikamwuliza, "Mama, sasa viazi?" Akasema, "Eeh, viazi," akatia, akaendelea kama kawaida. Alipofika kwenye mchele akasimama tena. Usiku ule nikamwomba anieleze pilau inapikwaje. Akanieleza tangu mwanzo mpaka kupalia makaa juu ya mfuniko, hakuruka kitu! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mimi. Aliyesahau anawezaje kueleza yote hayo?

Kuna na mengine. Ukimwuliza jambo anakaa kimya mpaka unadhani hakusikia, kisha jibu linakuja, na ni jibu sahihi. Majina ya wajukuu yanachelewa. Juzi juzi aliipita nyumba ya dada yake, barabara aliyoikanyaga tangu msichana, akasimama mwisho wa mtaa hajui ageukie wapi.

Na tangu baada ya Idd anaona watoto. Wanakaa kwenye kizingiti wakati wa magharibi, hawasemi neno. Mama hawaogopi, anauliza tu, "Watoto wa nani hawa, mmewapa chakula?" Shangazi anasema ni jini, anataka apelekwe kwa mtaalamu wa kupunga. Kaka yangu yuko Muscat, yeye anasema ni uzee, tumwache. Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja, na yote mawili hayaniingii akilini, ila sina la kuwajibu.

Dawa anazotumia ni levodopa na karbidopa za Parkinson mara tatu kwa siku, na ya presha. Baada ya Idd tulikwenda hospitali moja kwa ajili ya mkono, akaongezewa kidonge kidogo cheupe cha kuzuia kutetemeka. Kweli mkono umetulia. Usiku akikosa usingizi nampa Piriton, duka la dawa waliniambia haina madhara.

Naomba mnijibu kama mnavyojua. Parkinson inagusa kumbukumbu? Tunakoenda ni asitujue kabisa? Na kuna kitu ninachoweza kufanya kesho asubuhi?

---

MamaFaki (Mombasa)

Pole sana dadangu. Nimeisoma habari ya hao watoto nikahisi mwili unanisisimka, maana bwanangu yeye ilikuwa ni paka. Paka wa kijivu chini ya meza, kila jioni. Mume wangu alikuwa akiendesha kreni bandarini Kilindini, mtu wa macho makali na mahesabu, na Parkinson anayo mwaka wa tisa huu.

Nitakwambia la nyumbani, ya kidaktari watakueleza wengine.

Usibishane naye kuhusu hao watoto. Mimi nilikuwa nikimwambia hakuna paka, naye anaona namdharau, ugomvi unazuka na usiku mzima halali. Sasa namwambia, "Mimi simwoni, lakini nakuamini wewe wamwona. Ngoja niwashe taa." Nikiwasha taa kubwa, mara nyingi anaondoka. Giza la magharibi ni adui. Washa taa kabla jua halijatua. Angalia pia kilichotundikwa. Sisi tulikuwa na kanzu msumarini karibu na mlango, na kila akipita akiiona kwa jicho la pembeni ilikuwa ni mtu amesimama. Kanzu ikaingia kabatini na yule mtu akatoweka.

Halafu kuna siku ukaja mchanganyiko wa aina nyingine. Asubuhi yuko sawa, alasiri hajui yuko wapi, anavua nguo sebuleni, ananiita kwa jina la mamake. Hilo halikuwa Parkinson kuzidi. Lilikuwa ni maambukizo ya njia ya mkojo, na hakuwa na homa hata kidogo! Alipotibiwa akarudi kama alivyokuwa. Tangu siku hiyo akibadilika kwa siku moja au mbili, kwanza napeleka mkojo ukapimwe, nauliza amepata choo lini, na naangalia amekunywa maji kiasi gani. Wazee wetu hawanywi maji kwa kuogopa kwenda msalani.

Na hili naomba ulishike sana. Siku hiyo, katika hospitali tuliyompeleka, walimdunga haloperidoli ili atulie. Akakakamaa mwili mzima, hawezi kumeza, ikachukua muda mrefu kuinuka tena. Sasa ndani ya kadi yake kuna karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ana Parkinson na dawa hiyo asipewe. Kila tuendako naitoa mbele, hata kabla ya salamu kwisha.

---

KlinikiKilimanjaro

Shikamooni wakubwa mliomo humu. Nafanya kazi kliniki ya wazee na magonjwa ya mishipa ya fahamu mkoani Kilimanjaro. Siwezi kumtibu mama kwa maandishi, lakini haya ningependa uyapeleke kwa daktari wake wiki hii hii, usingoje tarehe ya kliniki.

Anza na boksi la kile kidonge cheupe. Nadhani utakuta ni benzheksoli, wengine wanaijua kwa jina la Artane. Ni dawa ya miaka mingi, bei nafuu, inapatikana karibu kila mahali, na kutetemeka inapunguza kweli. Lakini inafanya kazi kwa kuzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa kumbukumbu na kwa kukaza mawazo. Mgonjwa kijana anaweza kuivumilia. Kwa mtu aliyepita miaka 70, ambaye ugonjwa wenyewe umeshampunguzia kemikali hiyo, mara nyingi inaleta kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, mdomo mkavu, choo kigumu na mkojo kubana. Watoto wa mlangoni wamekuja baada ya kidonge. Mimi ningeshuku kidonge kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Usikikate mwenyewe ghafla, hupunguzwa hatua kwa hatua, na daktari ndiye apange.

Piriton, ndugu yangu, inazuia kemikali ile ile. Hiyo iache leo. Amitriptilini nayo, ambayo wazee wengi wanapewa kwa maumivu ya miguu au usingizi, iko kundi hilo. Ukijumlisha mbili tatu, unapata mzee anayeonekana ana ugonjwa wa kusahau kumbe amebebeshwa dawa.

Aliyosema MamaFaki kuhusu haloperidoli ni sahihi. Mgonjwa wa Parkinson hapewi haloperidoli, wala Largactil ya kutuliza akili, wala Plasil ya kuzuia kutapika, kwa kuwa zote zinazuia dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuendesha misuli, na yeye anaumwa kwa sababu ya uhaba wa dopamini hiyo hiyo. Kama kuona vitu kutaendelea na kuanza kumtia hofu, zipo dawa zinazofaa zaidi, kwetiapini kwa kiwango kidogo sana, au klozapini ambayo inataka damu ipimwe mara kwa mara. Lakini hizo ni za baadaye. Kwanza ondoa kinachosababisha.

Sasa swali lako la pilau, ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Mpaka leo watu wengi, wahudumu wa afya wakiwemo, wanaiona Parkinson kuwa ni ya mikono na miguu. Hata James Parkinson, daktari wa London aliyeieleza mwaka 1817, aliandika kwamba fahamu na akili ya mgonjwa hubaki salama. Leo tunajua sivyo. Dopamini inayopungua haitumiki kwa misuli peke yake. Inatumika pia katika njia zinazounganisha kina cha ubongo na sehemu ya mbele, na sehemu ya mbele ndiyo inayopanga: nianze na nini, nifuate na nini, niache hiki nihamie kile, nikumbuke kuku wakati nakata kachumbari. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na maarifa yake yote ya upishi, lakini kuyaanzisha, kuyapanga na kuhama kutoka hatua hadi hatua ndiko kunakokwama. Ulipomwambia "viazi" ulimfanyia ile kazi ya kuhama, naye akaendelea.

Hapo ndipo hali hii inapotofautiana na Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Kwenye Alzheimer jambo jipya mara nyingi halihifadhiwi, hata ukimdokeza haliji. Kwenye Parkinson, hasa miaka ya mwanzo, jambo limehifadhiwa ila kulitoa ni kazi, na dokezo linasaidia sana. Kupotea karibu na nyumba ya dada yake ni jambo jingine tena. Ni uwezo wa kupima umbali, pande na maumbo, na Parkinson inaugusa huo pia. Ndiyo maana kanzu msumarini inakuwa mtu. Na ile harufu iliyopotea pamoja na mateke ya usingizini, umekumbuka vizuri. Vyote viwili vinaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Mtajie daktari mateke hayo, kwa sababu wanaoyapata huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata shida za kufikiri baadaye.

Ukimpeleka, omba apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika tatu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, ubongo unakosa damu ya kutosha kila anaposimama, na mtu anaonekana amepotea kumbe presha ndiyo imeshuka. Dawa yake ya presha inaweza kuchangia hapo. Apimwe mkojo, malaria, wingi wa damu, tezi ya shingo, na vitamini B12 kama inawezekana. Mwulizeni pia kuhusu huzuni. Huzuni kwenye Parkinson ni sehemu ya ugonjwa, na peke yake inaweza kuzorotesha kufikiri.

Kumpima akili hakuhitaji awe amesoma. Huku wilayani Hai kulitengenezwa kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wetu, ambao wengi hawakwenda shule: anapanga njiti za kibiriti kwa mfano anaooneshwa, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno. Uliza kama daktari wenu anakijua.

Na shangazi asilaumiwe. Hai hiyo hiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti walitafuta wagonjwa wa Parkinson katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Walipata 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Familia isiyopewa jina la ugonjwa italitafuta jina mahali pengine. Mchukue shangazi mwende naye kliniki.

Swali lako la kama hatawajua, nakujibu kwa ukweli. Si kila mgonjwa anafika huko, na wanaofika hawafiki pamoja. Hatari inapanda kadiri umri na miaka ya ugonjwa inavyopanda. Huko Sydney walifuatilia wagonjwa kwa miaka 20, na wengi sana kati ya waliobaki hai walikuwa wameshapata upungufu mkubwa wa akili. Tafiti za karibuni zaidi zimeonesha hali nafuu kuliko hiyo. Ila hata kwa waliofika, kusahau nyuso za watoto wao si jambo la mwanzo. Linalotangulia ni polepole, kupanga, na macho kudanganya. Mama yako bado anauliza kama watoto wa mlangoni wamekula. Mama huyo yupo.

---

MwalimuMstaafu (Morogoro)

Binti yangu, mimi ndiye mgonjwa. Nina Parkinson tangu 2013. Nilifundisha hesabu sekondari maisha yangu yote ya kazi. Haya nayaandika asubuhi, dawa ikiwa imeshika, na nimeyaandika kwa vipande.

Nikueleze inavyokuwa kwa ndani, labda itakusaidia kumwelewa mama.

Kimya kile si utupu. Ukiniuliza swali, nimelisikia, nimelielewa, na jibu nimeshaanza kulifuata. Njiani ni kama kupita kwenye tope: mguu unatoka, lakini si kwa mwendo wako. Sasa mtu akiona nimekawia, anauliza tena kwa maneno mengine. Hilo kwangu ni swali la pili. Naliacha la kwanza, naanza upya. Akija wa tatu kunijibia, nanyamaza kabisa, na wote wanaondoka wakijua mzee amekwisha. Mke wangu amejifunza kuuliza mara moja, kisha anaendelea kuchambua mboga. Jibu linapofika analipokea kama vile halikuchelewa. Sijui kama anajua ni heshima kubwa kiasi gani ananipa.

Na uso wangu hauchezi tena. Ndani nacheka, nje hakuna kinachoonekana. Sauti nayo imekuwa ndogo. Kwa hiyo mtazamaji anaona mtu hacheki, hasemi, hajibu, anahitimisha kuwa haelewi. Hitimisho hilo si sahihi, na linauma.

Kuhusu majina, fanya hivi. Usimwulize mama, "Huyu ni nani?" mbele ya wageni. Huo ni mtihani, na mtihani wa hadharani. Sema, "Mama, Salama amekuja." Kama unataka alitoe mwenyewe, mpe silabi ya kwanza. Mimi ukinipa silabi moja, jina lote linakuja lenyewe.

Mambo mawili kwa wakati mmoja ndiyo yananishinda. Nikiwa natembea, usinipe habari za ukoo, nitasimama au nitaanguka. Kwa wakala wa pesa, kijana anataka namba ya siri huku ananiuliza habari za nyumbani, na muziki unapigwa. Namba niliyoitumia miaka yote inatoroka. Sasa nakwenda saa tatu asubuhi kabla watu hawajajaa, nakaa kwanza, na mjukuu husimama mlangoni bila kuingilia. Bao bado nacheza. Zamani nilikuwa naona mbali, sasa naona kete nilizoshika tu, na wazee wenzangu wananingoja. Nashukuru kwamba hawanionei huruma kwa kuniachia nishinde.

Hili la saa ni la muhimu sana. Kwangu dawa inapokwisha mwilini, si mguu tu unaokuwa mzito, na fikra zinakuwa nzito. Lolote linalohitaji kichwa, daktari, benki, kikao cha familia, naliweka katika saa ambayo dawa imeshika. Chunguza saa ya mama ni ipi. Levodopa mimi nainywa nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama na maharage vikitangulia vinagombania njia nayo, na inachelewa kufika.

Nyumbani kuna ubao mdogo, ule wa chaki. Kila asubuhi naandika mambo ya siku, si zaidi ya manne, kwa mpangilio. Nikimaliza moja nalifuta. Kwa mama, kama kusoma ni taabu, weka vitu vyenyewe kwa mstari mezani kabla hajaanza: kitunguu, thomu, bizari, nyama, viazi, mchele. Mkono ukimaliza hiki, jicho linaona kinachofuata. Sufuria iwe moja na jiko moja. Kachumbari na kuku chukueni ninyi. Lakini msimwondoe jikoni, nakuomba. Mimi waliponiambia nisisahihishe tena madaftari ya wajukuu, eti nipumzike, nilishuka chini kwa kasi ambayo ugonjwa peke yake haukuwa umenishusha.

Jambo la mwisho ni zito, lakini mimi ni mzee na nitalisema. Kama kuna hati ya nyumba, fedha za upatu anazowashikia watu, deni lake au la wengine, wosia, kaeni naye sasa, katika saa yake nzuri, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, na paandikwe mbele ya mashahidi. Mimi nimeshafanya. Nililala vizuri usiku ule kuliko miezi mingi iliyotangulia. Na mkifika kwa daktari, mwambie daktari amwulize yeye kwanza, ndipo akuulize wewe.

---

BintiNgamiani (Tanga)

Mrejesho, na naanza kwa kuwashukuru wote. Mwalimu, shikamoo. Maneno yako nimemsomea mama. Alikaa kimya muda mrefu, mimi nikasubiri kama ulivyosema, kisha akasema, "Huyu mtu amenisemea."

Boksi lilikuwa limeandikwa benzheksoli. Daktari wake ameipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha. Piriton niliacha siku ile ile. Presha akiwa amelala ilikuwa 138, aliposimama ikawa 106, kwa hiyo na dawa ya presha imerekebishwa. Mkojo safi, malaria hana. Alipewa njiti za kibiriti azipange, zikamshinda, lakini wanyama alitaja wengi, na wengi wao walikuwa samaki!

Watoto wa mlangoni wamekuwa haba, jioni nyingi hawaji kabisa, na mdomo wake hauko mkavu tena. Mkono umerudi kutetemeka zaidi kuliko mwezi uliopita. Nilimwuliza kama imemuudhi, akasema bora mkono. Shangazi tulikwenda naye, akasikia kwa masikio yake, na habari ya kupunga hajaitaja tena. Polepole ya kufikiri ipo pale pale, na kupotea barabarani bado ninakuogopa. Simwachi atoke peke yake, ila namwacha atangulie, nami nafuata.

Daktari ameandika rivastigmini, dawa ya kusaidia kumbukumbu na fikra. Hapa Tanga nimezunguka sijaipata, na kaka yangu yuko tayari kuituma kutoka Muscat. Mama anaianzaje, na nichunge nini? Nimesikia inatapisha.

---

KlinikiKilimanjaro

Nimefurahi sana. Kutetemeka kurudi kidogo lilikuwa jambo la kutegemea, na uchaguzi wa mama ni wa busara.

Kaka asinunue mpaka umtumie picha ya cheti cha daktari, ili alete kiwango kile kile na umbo lile lile, maana kuna vidonge vya kumeza na kuna plasta ya kubandika kwenye ngozi. Atume na akiba, kwa sababu dawa hii haitaki kukatika katika. Akikosa kwa zaidi ya siku tatu hivi, asirudi kwenye kiwango alichofikia. Anaanza tena chini, na hapo lazima umpigie daktari.

Ya kumeza kawaida inaanza na miligramu 1.5 asubuhi na jioni, pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu kama levodopa. Kwa hiyo saa zake mbili usizichanganye: levodopa kwanza, nusu saa ipite, ndipo chakula na rivastigmini. Kiwango hakipandishwi kabla ya wiki nne. Kichefuchefu huja zaidi pale mwanzo na kila kinapopandishwa. Akitapika sana, msisogee kiwango kinachofuata. Na tafadhali, mtu asimpe Plasil. Mpime uzito kila mwezi. Kabla hajaanza, apimwe mapigo ya moyo, na ikiwezekana kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu inaweza kuyapunguza mapigo. Akizimia, au mapigo yakiwa polepole mno, simamisha na umpeleke siku hiyo hiyo. Kutetemeka nako kunaweza kuongezeka kidogo, mwambieni mapema ili asishtuke.

Matarajio yawe ya wastani. Dawa haiponyi. Kwa wengine inaongeza umakini na kupunguza kuona vitu, kwa wengine haileti tofauti. Andika leo mambo matatu anayopata nayo shida, kwa mfano muda anaochukua kujibu, kuvaa nguo, kufuata mazungumzo ya watu wawili. Baada ya miezi michache kwenye kiwango chake, yaangalie tena pamoja naye na daktari, ndipo muamue kama iendelee.